Kigango Hakihami

(Hotuba kwa wazee wa kaya, walinzi wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, na kwa walimu na vijana, Kilifi)

Wazee wetu wa kaya, shikamooni. Mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliobanana kwenye bodaboda tangu alfajiri kutoka Ganze, Kaloleni na Rabai, asanteni kwa kuja. Najua leo ni siku ya soko na kuna walioacha biashara.

Mwenyekiti alinipa mada ndefu: juhudi za taifa za kurejesha mali za kitamaduni zilizoporwa. Nimeikubali, na taifa nitalifikia. Lakini naomba radhi nianzie mahali padogo. Naomba nianzie kwenye shimo.

Shimo hilo lilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi yangu, chini ya mkwaju. Nilikuwa darasa la tatu. Chini ya mkwaju ule vilisimama vigango vitatu, mbao za kuchongwa za kumbukumbu ya wazee wa ukoo wetu waliofariki, kimoja kirefu kuliko mtu mzima, vingine viwili vikinifika kifuani. Asubuhi moja niliamshwa na ukimya. Kuku wanapiga kelele, mbuzi wanalia, lakini watu wazima wote wamenyamaza. Nikatoka nje. Kigango kirefu hakipo. Pale kiliposimama pana shimo lenye udongo mbichi, na pembeni yake kimebaki kipande cha kitambaa chekundu, kile alichofungwa mzee kiunoni. Wezi walikuwa wamekitikisa hadi kikang'oka, kama mtu anavyotikisa jino.

Bibi hakulia. Alichukua kata, akateka mnazi, yaani pombe ya mnazi, mtungini, akaumwaga polepole ndani ya shimo lile huku akimwita mzee kwa jina lake, kana kwamba yupo. Halafu akakataza mtu yeyote asilifukie. Tangu siku hiyo, kila masika yalipopita na tope kulijaza, bibi alishika jembe akalizibua. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akanijibu kwa swali: "Ukilifukia, siku akirudi atakaa wapi?"

Nimesoma mengi tangu wakati huo kuhusu sheria, mikataba na makavazi. Sijakutana na hoja inayoishinda ile.

Kwa wageni wetu ambao si Wamijikenda, niseme kwa ufupi kigango ni nini. Ni ubao wa mti mgumu, mti ambao mchwa huushindwa, uliochongwa kwa umbo la mtu: kichwa cha duara au bapa, mwili mrefu, na nakshi za pembetatu zilizokatwa kwa subira kubwa kutoka shingoni hadi chini. Hupandwa ardhini kwa ajili ya mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na uwezo, ambacho mtu hakuingia bila kulisha watu na kutoa mali. Mtu wa kawaida husimamishiwa kikoma, ambacho ni kidogo zaidi. Na kigango hakisimamishwi siku ya mazishi. Mara nyingi mzee mwenyewe ndiye anayekiomba. Humjia mtu wa nyumba yake ndotoni akalalamika kwamba ana baridi, kwamba amesahauliwa. Au ugonjwa unaingia nyumbani, mvua inakataa, na mganga anasema: mzee wenu anataka pa kukaa. Ndipo fundi anaitwa.

Kikishapandwa, hakihami. Hili ndilo jambo ambalo nataka mtu wa mbali alielewe kuliko yote. Familia inaweza kuhama kutafuta ardhi yenye rutuba na kukiacha kigango peke yake porini, na hiyo si dharau. Kitabaki pale kinyeshewe, kipigwe jua, kipasuke, mpaka siku kitakaporudi udongoni chenyewe. Kuzeeka kwake ni sehemu ya kazi yake. Kwa hiyo anayekichukua akakiweka kwenye chumba chenye kiyoyozi, akakipaka dawa kisioze, akakimulika kwa taa nzuri, hata kama moyoni anaamini amekiokoa, amemzuia mzee kumaliza safari yake.

Viliondokaje? Tusizunguke. Kuanzia miaka ya 1970 biashara ya utalii ilipokua pwani hii, maduka ya vinyago ya Mombasa yaligundua kwamba wako watu wa kununua. Vijana wetu, wengi wao wakiwa na njaa ya ukame na hawana karo, waliambiwa kuna shilingi kadhaa kwa kila ubao. Wakaenda usiku. Ubao ukatoka Kaloleni kwa bei ya chakula cha siku chache, ukafika Los Angeles ukauzwa kwa maelfu ya dola. Waigizaji wa filamu wakavisimamisha sebuleni kwao. Baadaye walipochoka navyo wakavitoa zawadi kwa vyuo na makavazi. Wataalamu wawili wa Kimarekani, Monica Udvardy na Linda Giles, walipoanza kuvihesabu walivikuta vigango 294 katika makavazi 19 ya Marekani. Hivyo ni vile vya makavazi tu. Vya sebuleni nani atavihesabu?

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo penye jambo langu.

Mwaka 1985 huyo Monica Udvardy alikuwa huku kwetu akifanya utafiti. Alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama, moja ya jamii zetu za Wamijikenda, akiwa amesimama bomani kwake karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Picha ya kawaida tu. Muda si mrefu vigango vile vikaibiwa, na mzee akamwomba yule mama amsaidie kuvitafuta. Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi wa mambo ya Afrika huko Marekani, Linda Giles alikuwa akionyesha ukutani picha za vigango vilivyokuwa katika jumba la makavazi la chuo kikuu kimoja cha Illinois. Udvardy akakitambua kimoja. Akakijua kwa nakshi zake, kama unavyomjua jirani yako kwa mwendo. Akarudi kwenye picha yake ya 1985, akalinganisha. Ni chenyewe. Cha pili kilipatikana Virginia, katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, ambacho, kwa uchungu wa historia, ni chuo kilichoanzishwa kuwasomesha watu Weusi waliotoka utumwani.

Majumba yote mawili yalikubali kuviachia, na mwaka 2007 kigango kimoja kilikabidhiwa kwa familia yake kijijini, kwa ngoma na kwa machozi. Mzee mwenyewe hakukiona. Alikuwa amekwisha kufa.

Ni nini kilichomrudisha ndugu yake nyumbani? Sheria ilisaidia. Ubalozi na Makavazi ya Kitaifa yetu yalisaidia. Lakini vyote hivyo vilisimama juu ya picha moja. Bila picha ile, mkurugenzi wa jumba la makavazi angeuliza swali wanalouliza siku zote: mna ushahidi gani kwamba hiki ni chenu? Na sisi tungejibu nini? Tungesema tunakijua. Nao wangesema, asanteni, tutawasiliana.

Linganisheni na vigango 30 vilivyokuwa katika makavazi ya Denver. Makavazi yale, na yapewe haki yao, yalikaa chini yakaona kwamba hayana haki ya kushikilia vitu hivi, na mwaka 2014 yakatangaza kwamba yatavirudisha vyote. Hayakusubiri kushitakiwa. Lakini vigango vyenyewe vilifika uwanja wa ndege wa Nairobi mwaka 2019. Tayari kurudisha, tayari kupokea, na bado miaka mitano. Gharama za usafiri ni za nani? Karatasi zipite wapi? Na kuna shehena nyingine, vigango tisa kutoka chuo kikuu kimoja cha California, iliyokwama kwa sababu forodha yetu wenyewe ilidai ushuru, kana kwamba ni samani zimeagizwa na mfanyabiashara. Wazee wetu walitozwa kodi ya kuingia nchini mwao. Silisemi hili kumwaibisha ofisa yeyote. Ofisa alifungua kitabu chake akakuta "mbao zilizochongwa" na kiwango cha ushuru pembeni. Ninalisema kwa sababu huwezi kuwa na juhudi za taifa wakati wizara moja inamwita mtu arudi na idara nyingine inamfungia mlango. Kama kuna mbunge au mjumbe wa kaunti ananisikia, hii ni kazi ya aya moja katika sheria: mali ya urithi inayorudi nyumbani isitozwe senti.

Turudi kwa wale 30. Walipofika, waziri aliwapokea, kamera zikawaka. Halafu? Halafu hakuna aliyejua waende kwa nani. Kadi zao zilikuja nazo, na kadi ya makavazi huwa inaandikwa hivi: mti, rangi, urefu sentimita kadhaa, Wagiriama, Kenya, zawadi ya bwana fulani. Jina la aliyetoa zawadi lipo. Jina la mzee halipo. Mbare yake, yaani ukoo wake, haipo; mudzi wake, yaani boma lake, haupo. Aliyemng'oa hakuuliza, aliyemnunua hakuuliza, aliyemwandikia kadi hakuwa na wa kumuuliza. Basi wakatoka ghala la Denver wakaingia mikononi mwa makavazi yetu. Nashukuru wako Kenya. Nashukuru kwa dhati. Lakini kigango kisichojulikana ni cha nani ni yatima, na kumhamisha yatima kutoka nyumba ya mgeni hadi nyumba ya serikali si kumpeleka kwa mamaye.

Mambo haya hayatuhusu sisi peke yetu. Pandeni Mto Tana mwaulize Wapokomo habari za ngadji, ngoma yao kuu. Ngoma ile haikuwa ya kuchezewa harusini. Iliita watu, ilikuwa sauti ya utawala wao na ibada yao, na wengi hawakuruhusiwa hata kuiona. Maofisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na tangu 1908 iko London, katika Makavazi ya Uingereza. Mwaka 2016 mzao wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo alifika huko, akapelekwa ghalani, akaonyeshwa. Fikirini: mtu anasimama mbele ya kitu ambacho babu zake walikisikia kwa mbali tu wakatetemeka, nacho kimekaa kwenye rafu na namba yake, naye ameruhusiwa kukiangalia. Ukiwaomba wakirudishe watakuonyesha sheria yao ya mwaka 1963 inayowakataza kutoa kitu kwenye hazina yao. Sheria imetungwa na bunge, na bunge lililofunga linaweza kufungua. Lakini angalieni tofauti: ngadji ina ushahidi. Mwaka unajulikana, mahali panajulikana, aliyeipeleka anajulikana, wenyewe wanajulikana. Hapo kinachokosekana ni nia tu, na nia ya mtu hubanwa kwa kuendelea kubisha hodi.

Wanandi walibisha. Koitalel arap Samoei, kiongozi wao, aliuawa mwaka 1905 na Richard Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza aliyemwita kwa mazungumzo ya amani. Fimbo zake za uongozi zikachukuliwa zikapelekwa Uingereza, zikakaa katika nyumba ya ukoo wa ofisa yule kwa miaka mia moja na ushei. Zilirudi mwaka 2006 kutoka mikononi mwa mwana wa ofisa huyohuyo. Nilipoziona Nandi Hills nilishangaa zilivyo nyepesi kwa macho, fimbo tu, ambazo ukizikuta njiani ungechungia ng'ombe. Mzee wa Kinandi aliyekuwa kando yangu aliona ninavyoziangalia. Akaniambia kwa Kiswahili chake kizuri, "Hizo si za kuchungia ng'ombe, mwalimu. Hizo zilichunga watu."

Na ndugu zetu wa Tanzania wana kisa ambacho kila anayepigania jambo hili lazima akijue. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipoona Wajerumani wamemzingira mwaka 1898 alijipiga risasi asishikwe hai. Wakakata kichwa chake wakakipeleka Ujerumani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, mataifa yalikaa Versailles mwaka 1919 yakaandika mkataba wa kuipanga dunia upya, na humo ndani, kifungu cha 246, yakaandika kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Jina lake limo katika mkataba ule uliokuwa ukigawa mipaka ya Ulaya! Miezi sita ikageuka miaka 35. Wajerumani walisema hawajui liko wapi. Mwishowe gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe Bremen, ambako makavazi yalikuwa na mafuvu mengi kabatini, na ikabidi yapimwe moja moja na vipimo vilinganishwe na vichwa vya jamaa zake walio hai. Juni 1954 fuvu likakabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa. Lipo huko Kalenga hadi leo, nje kidogo ya mji wa Iringa.

Mnaona? Mataifa makubwa yameamuru, kifungu kimeandikwa, na bado kazi ilikwama kwa sababu hakuna aliyeandika lipi ni la nani. Miaka ya karibuni watafiti wa Berlin wamekagua mafuvu yapatayo 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa Wajerumani, mengi ya Rwanda, zaidi ya 200 ya Tanzania, na mengine 22 ya Kenya yetu hii. Mwaka 2023 walitangaza kwamba kwa vipimo vya vinasaba (DNA) wamepata ndugu walio hai wa mafuvu matatu huko Kilimanjaro, moja likiwa la mshauri wa Mangi Meli, chifu wa Wachaga. Mangi Meli mwenyewe alinyongwa Moshi mwaka 1900, na wajukuu zake bado wanatafuta kichwa chake. Matatu katika zaidi ya elfu moja.

Ndiyo maana naipa heshima kubwa kazi iliyofanywa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wasanii wa Nairobi na makavazi mawili ya Ujerumani, ya kuandika orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko nje. Waliandikia makavazi ya Ulaya na Marekani, na kutoka katika taasisi 30 wakapata zaidi ya vitu 32,000. Elfu thelathini na mbili! Mwaka 2021 wakafanya maonyesho Nairobi, na sehemu ya maonyesho yale ilikuwa makabati ya vioo matupu. Ulikuwa unasimama mbele ya kabati, unasoma kibandiko kinachokueleza kitu ambacho hakimo. Niliwaona wanafunzi wa sekondari wakizunguka kabati moja wakitafuta, wakidhani labda kitu ni kidogo mno. Mimi nikamkumbuka bibi na jembe lake.

Hiyo ndiyo juhudi ya taifa kama ninavyoielewa: kuliweka shimo wazi. Kulikataa lisifukiwe na usahaulifu.

Lakini orodha ile imeandikwa kutoka upande wa walichonacho wao. Nusu ya pili ya orodha, ya tulichopoteza sisi, haiko Berlin wala London. Iko vichwani mwa hawa wazee mliokaa nao leo, na kila mwezi tunamzika mmoja.

Na sasa niseme neno linalouma, na wazee wataniwia radhi. Wako wapi wazee wenyewe? Katika kaunti hii, mtu akiota mvi tu anaanza kulala kwa hofu. Wazee wanakatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna kipande cha ardhi. Kijana aliyefundishwa kwamba kigango ni shetani hakuona vibaya kukiuza. Kijana huyohuyo akifundishwa kwamba babu yake ni mchawi, ataona vibaya kumuua? Nimeokoka mimi, nasali Jumapili, na wengi humu ni Waislamu wenye kushika dini yao. Sikuombeni mwende mkatambike. Kaburi la babu yako hulilindi kwa sababu unaliabudu. Unalilinda kwa sababu ni la babu yako. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti ili kuvunja moyo wa Wagiriama waliomfuata Mekatilili wa Menza, mama aliyeongoza upinzani dhidi yao. Walijua palipo na nguvu yetu kuliko tunavyopajua sisi. Kaya zetu kadhaa leo ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, dunia imezitambua, na bado kuna mtoto wa hapa Kilifi ambaye hajawahi kumsikia mzee wa kaya akizungumza kwa sauti yake.

Kuna swali najua mwalimu mmoja ataniuliza, kwa sababu aliniuliza wiki jana, basi acha nilijibu kabisa. Aliniambia: mwalimu, mkiandika kila kigango kilipo na kukipiga picha, hamtawaandikia wezi ramani? Ni swali la haki na lilininyima usingizi. Wezi wa leo wana simu nzuri kuliko zetu. Kwa hiyo nimekaa na wazee, tukakubaliana hivi. Picha zitapigwa, lakini hazitawekwa mtandaoni, hata moja, hata kwenye kundi la WhatsApp la familia. Simu nyingi siku hizi huandika mahali picha ilipopigwa. Kabla ya kupiga tutazima hilo, na nitawaonyesha namna. Nakala moja itakaa na familia, moja na wazee wa kaya, moja na Makavazi chini ya kufuli. Jina la kijiji litaandikwa katika daftari tofauti na picha. Je, inatosha? Hakuna kufuli isiyovunjika. Lakini kigango kisichoandikwa kikiibiwa kimepotea mara mbili, na kilichoandikwa kikiibiwa kinaweza kutambuliwa siku moja ukutani, katika mkutano wa wageni, miaka kumi na minne baadaye.

Jambo jingine ambalo wazee wameniomba nilifikishe ni hili: kitu kikirudi, kipokewe na nani? Nigeria wamelipitia kwa uchungu. Ujerumani mwaka 2022 ilikubali kuwarudishia umiliki wa shaba za Benin, sanamu za ufalme wa kale ulio ndani ya Nigeria, zaidi ya vitu 1,000 vilivyotokana na uporaji wa Waingereza wa mwaka 1897, na vya kwanza vikafika Abuja mwezi Desemba. Miezi michache baadaye rais wao akatangaza kwamba mwenye mali ni Oba wa Benin, na mjadala ukawaka: za taifa au za mfalme? Makavazi kadhaa ya Ulaya yakashtuka. Mimi sioni cha kushtua. Mwizi hapangiwi kazi ya kuamua urithi wa nyumba aliyoiibia. Hata hivyo sisi tujipange kabla hatujaulizwa. Msimamo wa wazee, nami nauunga mkono, ni kwamba panapojulikana familia, kigango kiende kwa familia, kipandwe, kinyeshewe, na serikali isaidie kukilinda bila kukifanya kivutio cha watalii. Pasipojulikana familia, kije pwani, kisibaki Nairobi, na wazee wa kaya wapewe nafasi ya kukitembelea na kukimwagia mnazi bila kujaza fomu. Makavazi yetu yana watu wazuri wanaolielewa hili. Tuwape nguvu kwa kuwaandikia rasmi.

Sasa kazi yenyewe. Hapa mezani kuna daftari kubwa jeusi. Tumelichora mistari: jina la mzee aliyesimamishiwa, mbare yake, aliyeota ndoto, fundi aliyechonga kama anakumbukwa, kama bado kimesimama au kimechukuliwa, na kama kimechukuliwa, mwaka gani na nakshi zake zilikuwaje. Msiogope safu hiyo ya mwisho. Bibi yangu hakujua kusoma, lakini aliweza kukuchorea mchangani nakshi za kigango kile, pembetatu kwa pembetatu, miaka ishirini baada ya kuibiwa. Nilichora aliyonichorea. Ukurasa wa kwanza wa daftari hili ni wa kwake, na mchoro ni ule.

Jumamosi ijayo tunaanzia boma moja upande wa Kaloleni, ambako vimebaki vinne vinavyosimama na mashimo mawili. Mashimo nayo tutayapima na kuyapiga picha. Kijana atakayekuja avae suruali ndefu, kuna miiba, na aje na simu iliyojaa chaji kwa sababu huko hakuna stima. Mnazi tutaununua njiani. Mwenye boma ameomba tufike kabla jua halijawa kali, maana anataka kuongea nao kwanza, awaambie kwamba tunakuja na kwamba hatukuja kuwachukua.